Shajara ya kusaka kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo: wiki 12 na madalali wa walimu

Wiki ya 1

Haya, nimeanza rasmi. Lengo ni moja tu, mpaka wiki ya 12 niwe nimesaini mkataba wa kufundisha Kiingereza nje, wenye viza halali ya kazi, sio ya magumashi. Nilichonacho mkononi ni digrii, cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kwa wageni) cha masaa 120, miaka mitatu ya kusimama darasani, na pasipoti ambayo nitaieleza wiki ijayo maana naona ndo italeta kasheshe.

Jumatatu usiku nimejaza fomu za mawakala 14. Kumi na nne! Nililala saa tisa. Asubuhi naamka nakuta meseji tisa, nikajiona staa kabisa, yaani nikaanza kuwaza nitachagua nchi gani. Kumbe wengi hata sivii hawajafungua, mmoja aliniuliza kama nina digrii wakati digrii iko mstari wa pili pale juu. Wote wanataka vitu vilevile: picha ya pasipoti saizi, video ya dakika moja ya kujitambulisha huku unatabasamu kama mtangazaji wa kipindi cha watoto, na skani ya pasipoti.

Video nimerekodi mara 11. Mara ya tano ilikuwa nzuri ila mbwa wa jirani akaingilia kati.

Pasipoti nimetuma kwa wawili kabla sijajua hata wanakaa nchi gani. Hilo kosa naliandika hapa ili niwe naliona kila nikifungua hii shajara. Jioni nimekaa nikajiuliza, hivi mtu sijamjua jina lake la pili nimempa skani ya pasipoti yenye namba na kila kitu, kwa sababu tu kaniita mwalimu mpendwa? Kuanzia leo skani zangu zote zina maandishi makubwa yamekatiza katikati ya ukurasa: ya maombi ya kazi tu, jina la wakala, na tarehe. Na haitoki mpaka kuwe na ofa ya maandishi.

Wiki ya 2

Rikruta, yaani wakala wa kuajiri walimu, wa Korea Kusini. Huyu nilimpenda, mchangamfu, anajibu haraka, siku nne nzima tumepiga stori za nyumba ya bure, tiketi ya ndege, watoto wanavyopenda walimu wageni. Siku ya tano ndo ananiuliza, samahani mwalimu, pasipoti yako ya nchi gani? Nikamtajia. Kimya. Baada ya masaa sita akaja na meseji ya kunitakia kila la heri.

Nikaenda kusoma mwenyewe. Viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, kwa Kiingereza wanapewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Uwe na PhD ya Shakespeare, uwe umeota ndoto zako zote kwa Kiingereza toka utotoni, kama pasipoti haimo kwenye hizo saba mlango huo kwa kawaida umefungwa. Kwahiyo sio roho mbaya ya wakala, ndo sheria ya viza ilivyo. Kosa lake ni kwamba swali la siku ya kwanza kaliuliza siku ya tano.

Nimebadilisha meseji yangu ya kwanza. Sasa mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya salamu kukolea, naandika uraia wangu na kuuliza: je, kwa pasipoti hii unaweza kunipatia kibali halali cha kazi, ndiyo au hapana? Majibu yamepungua kutoka tisa hadi mawili kwa wiki. Mwanzoni iliniuma, saa hizi naona ni wiki ngapi za maisha yangu nimeokoa.

Japan nimeangalia pia, programu ya JET ya walimu wa kigeni ipo toka 1987 na haina dalali hata mmoja, unaomba ubalozini moja kwa moja. Dirisha ni mara moja kwa mwaka na mimi nimekuta limefungwa. Nimeweka alamu kwenye simu.

Hii wiki pia nimechukua hati ya tabia njema ya polisi. Nilijiona nimewahi. Tutaona.

Wiki ya 3

Huyu wa China nimemweka kwenye rekodi kwa urefu maana anafundisha.

Ofa imekuja ndani ya masaa 24, shule ya chekechea, mshahara mnono, nyumba, njoo hata wiki ijayo. Nikamuuliza swali langu. Akajibu, usijali bosi, unakuja kwanza na viza ya M, ile ya biashara, tukishakuona ndo tunaibadilisha kuwa ya kazi, kila mtu anafanya hivyo.

Kila mtu anafanya hivyo. Hayo maneno manne nimeyasikia mara tatu ndani ya mwezi na kila nikiyasikia tumbo linakoroga.

Utaratibu wenyewe unajulikana: shule, ambayo lazima iwe na ruhusa ya kuajiri wageni, inaomba taarifa ya kibali cha kazi kwanza, ukishaipata ndo unaenda ubalozini kuchukua viza ya Z, unaingia nayo, halafu ndani ya siku 30 unashughulikia kibali cha ukaazi. Ukiingia na M ukashika chaki unahesabika unafanya kazi kinyume cha sheria, na sheria yao ya kuingia na kutoka nchini inasema faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, kosa likiwa zito wanakuweka ndani siku 5 hadi 15. Sasa hapo jiulize nani anakaa ndani, ni mimi au ni yule aliyeniambia kila mtu anafanya hivyo akiwa nyumbani kwake anakunywa chai?

Nikamwambia, kiongozi, mimi naomba taarifa ya kibali cha kazi kwanza, nasubiri hata miezi mitatu. Akasema shule haina muda. Nikasema basi. Akarudi kesho yake na shule nyingine, viza ileile ya M. Nikamblok.

Kitu kizuri nilichookota humo ni habari ya apostili, muhuri wa kuthibitisha hati unaokubalika kati ya nchi zilizo kwenye mkataba mmoja wa kimataifa. China imeanza kuitumia tarehe 7 Novemba 2023, kwahiyo wenye vyeti kutoka nchi ambazo nazo zimo kwenye huo mkataba wanapiga muhuri mmoja nyumbani na yanaisha, mzunguko wa ubalozi haupo. Kama nchi iliyotoa digrii yako haimo, bado unazunguka. Mawakala wawili walikuwa bado wananitumia maelekezo ya zamani, wamekopi tu na kupesti toka enzi hizo, kwahiyo usimeze kila unachoambiwa kuhusu makaratasi hata na mtu ambaye hana nia mbaya.

Wiki ya 4 na 5

Hakuna kitu. Kimya kama maji ya mtungini. Nimerekebisha sivii, nimetoa ile sehemu ya hobi.

Wiki ya 6

Hii wiki nimejiharibia mwenyewe.

Kituo cha lugha Vietnam, kizuri, nilikifatilia mwenyewe nikawapenda. Intavyuu ikapangwa kupitia wakala A. Siku moja kabla, meneja ananiandikia kwa heshima kabisa kwamba wamepokea sivii yangu mara mbili kutoka kwa mawakala wawili tofauti na hawataki kuingia kwenye ugomvi wa kamisheni, asante, kila la heri. Kumbe wakala B, ambaye nilijaza fomu yake ule usiku wa kwanza nikamsahau, alikuwa amerusha sivii yangu kwenye vituo kibao bila kuniuliza.

Hapo ndo nikaelewa biashara yenyewe, na naiandika kama nilivyoielewa. Rikruta halipwi na wewe, analipwa na shule. Mara nyingi kamisheni inakuja ukishafika, au nusu ukifika na nusu ukimaliza miezi ya majaribio. Maana yake mteja wake ni shule, wewe ni mzigo unaopelekwa (samahani kwa lugha), anataka ufike, ufike salama, na usikimbie kabla hajalipwa. Baada ya hapo ukilia huko na bosi wako yeye ameshahamia kwa mwalimu mwingine. Sisemi ni watu wabaya. Dalali wa nyumba naye hakai kwenye hiyo nyumba. Ila ukishalijua hilo unaacha kumwambia kila kitu kama rafiki, mfano mimi nilimwambia wakala mmoja kwamba akiba yangu inaishia na lazima niondoke haraka, na toka siku hiyo kila ofa aliyoleta ilikuwa chini ya ile ya mwanzo. Sijui alitegemea nini. Au tuseme, mimi ndo sijui nilitegemea nini.

Spredishiti imeongezwa safu: wakala, tarehe, shule aliyoitaja, je nimemruhusu kutuma, jibu. Na nimewaandikia wote waliobaki kwamba sivii yangu haiendi popote kabla sijaambiwa jina la shule na kusema sawa kwa maandishi. Wawili walikasirika. Hofu yao ni kwamba nikijua jina nitawaruka niende mwenyewe, na kusema ukweli hofu hiyo ina mantiki, watu wanafanya. Kwahiyo nimewapa ahadi ya maandishi, shule uliyonitajia wewe kwanza nitapita kwako. Mmoja kakubali. Huyo mmoja ndo tuliyekuja kufika naye mbali.

Wiki ya 7

Ghuba. Wakala anasema ana nafasi shule ya kimataifa kule Falme za Kiarabu, mshahara hauna kodi, barua ya ofa imekuja kwenye PDF yenye mihuri mingi mpaka inatia shaka, na anataka "ada ya kufungua faili" ndani ya masaa 48, na vyeti orijino nimtumie kwa kuria.

Rafiki yangu tuliyesoma wote aliniambia, dada toa tu, ukifika utairudisha mwezi wa kwanza. Nikamwambia kaa hapo nikusomee. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Sawa, sio kila nchi imeuridhia huo. Lakini Falme za Kiarabu wenyewe, sheria yao ya kazi namba 33 ya 2021 inakataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Sasa kama huko unakonipeleka hawaruhusu, wewe unachukua ya nini?

Nikamuuliza wakala mambo matatu kwa upole: jina kamili la shule, jina na cheo cha aliyesaini ofa, na ofa iliyopita wizara ya kazi. Kwenye la pili akaanza danadana, kwenye la tatu akanikaushia.

Kwa kuhakikisha nikatafuta namba ya ile shule kwenye tovuti yao wenyewe, sio namba iliyoandikwa kwenye PDF maana hiyo inaweza kupokelewa na binamu yake, nikapiga. Dada wa mapokezi akasema wao wanaajiri wenyewe na jina la huyo mtu hawalijui, tena kwa sauti ya mtu aliyeshachoka kuulizwa swali hilo.

Vyeti orijino haviendi kwa kuria kwa mtu yeyote ambaye sio mwajiri wangu aliyesaini mkataba. Na hata huyo mwajiri, pasipoti yangu anaiona, anaipiga kopi, ananirudishia.

Wiki ya 8

Nimepumzika kidogo. Nimechekeshwa na jambo moja tu. Kila mtu ananiuliza kama mimi ni neitivu (mtu aliyezaliwa na Kiingereza kama lugha yake), neitivu, neitivu, halafu nakuja kugundua kuna programu ya Fulbright FLTA inayopeleka walimu vijana wa Kiingereza Marekani wakafundishe lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Yaani ipo dunia ambayo mimi ndo neitivu. Imeingia kwenye orodha ya mwakani.

Wiki ya 9

Thailand. Huyu ni yule wakala aliyekubali masharti ya kutaja shule. Ameleta mbili kwa mpigo, na mwaka wao wa masomo unaanza katikati ya Mei kwahiyo huu ndo msimu wao wa kuajiri.

Kwa sisi tusioitwa neitivu shule zote mbili zinataka matokeo ya mtihani, wameandika TOEIC, mtihani wa Kiingereza, isipungue 600 kati ya 990. Nilikasirika dakika kumi, halafu nikajisajili.

Nimeweka mikataba miwili pembeni kwa pembeni na hapa nimekaa siku tatu, maana inafanana juu juu lakini ni wanyama wawili tofauti.

Wa kwanza, anayeniajiri sio shule. Ni kampuni ya wakala. Shule inailipa kampuni, kampuni inakata yake, inayobaki ndo mshahara wangu. Mkataba ni wa miezi 10, ile likizo kubwa ya Machi na Aprili silipwi, na kuna kipengele kwamba wanaweza kunihamishia shule nyingine "kulingana na mahitaji". Wa pili nasaini na shule yenyewe, miezi 12, wakala anachukua chake kwa shule na kutoka. Tarakimu ya mshahara wa mwezi ni kubwa kidogo kwenye ule wa kwanza, na mimi ningekuwa wiki ya 1 ningeuruka nao huohuo. Ukizidisha kwa 10 na huu mwingine kwa 12 hesabu inageuka kabisa.

Halafu masaa. Wa kwanza umeandika masaa 20 ya kufundisha. Nikashangilia. Ukurasa wa tano huko chini unasema mwalimu atakuwepo shuleni saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi mbili kwa mwezi za shughuli za shule bila malipo ya ziada. Rafiki yangu mmoja yuko Korea (yeye ana moja ya zile pasipoti saba) nikamsomea akacheka, akasema kwao kuna mikataba ya miezi 11 kwa sababu ukifikisha mwaka mwajiri anadaiwa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja, na kuna shule zinamsajili mwalimu kama mtu aliyejiajiri, zinamkata asilimia 3.3 tu, yeye anaona kodi ndogo anafurahi, kumbe bima na pensheni hakuna. Usanii ni uleule, unabadilisha nguo tu ukivuka mpaka.

Nimekataa wa kwanza. Wakala hakununa, na hilo limenipa imani nae kidogo.

Wiki ya 10

TOEIC 890. Naiacha hapa bila maelezo.

Tumebishana vipengele viwili na shule. Kimoja, faini ya mishahara miwili nikiondoka kabla ya mwaka. Nikaomba iwe notisi ya siku 30 kwa pande zote, wakakubali siku 60, nimeona ni sawa. Kingine, tiketi ya ndege wanarudisha "mwisho wa mkataba". Nikaomba nusu baada ya miezi mitatu, wamekataa katakata. Nimekubali. Huwezi kushinda yote na nilichokuwa nakitaka zaidi ni kile cha kwanza.

Kuhusu viza, shule ndo inatoa makaratasi ya viza ya Non-B, ile ya kazi, naiomba nikiwa bado huku, naingia nayo kwa siku 90, humo ndani wanashughulikia kibali cha kazi na ruhusa ya muda kutoka Baraza la Walimu, halafu inaongezwa mpaka mwaka. Nimeandika hatua zote na kuwaomba wathibitishe kwa imeili ya shule, sio WhatsApp ya wakala. Wamethibitisha. Wakala alijaribu kusema naweza kuja na ya utalii tukavuka mpaka na kurudi, nikamwambia bosi, tumefika mbali, usituharibie. Akaweka emoji ya mikono miwili imeshikana.

Ile hati ya polisi niliyowahi nayo wiki ya 2, shule inataka ambayo haijapita miezi 3 siku ya kuomba viza. Naanza upya. Foleni ileile.

Wiki ya 11

Niliomba kuongea na mwalimu mgeni aliyepo shuleni sasa hivi, peke yetu, wakala asiwepo kwenye kolu. Hii imechukua siku tisa. Kwanza wakala akajitolea "kutafsiri" (Kiingereza kwa Kiingereza?), halafu akasema walimu wako bize, mwisho shule wenyewe wakanipa namba ya dada mmoja.

Tumeongea dakika 50. Nilimuuliza mshahara unaingia tarehe ngapi na mwezi gani ulichelewa, sikumuuliza kama unachelewa. Akasema mara moja, siku nne, mwezi wa likizo. Nikamuuliza kibali chake cha kazi kilitoka baada ya muda gani, akasema wiki saba. Nikamuuliza aliyekuwepo kabla yangu aliondoka kwanini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema aliolewa. Nikasema haya. Nyumba iko juu ya karakana ya pikipiki na kelele zinaanza saa kumi na mbili. Darasa lina watoto 42 na projekta moja inayofanya kazi ikipenda.

Sijui kwanini ila baada ya kusikia hayo ya projekta na karakana ndo nimeanza kuamini kwamba hiyo shule ipo kweli.

Wiki ya 12

Nimesaini Jumanne. Kopi yenye saini za pande zote mbili ninayo, kila ukurasa umewekwa herufi za jina, kile kipengele cha siku 60 kimo.

Kazi haijaisha ila. Hati mpya ya polisi bado, digrii iko kwenye kuthibitishwa, makaratasi ya viza toka shuleni wamesema siku 15 za kazi na leo ni ya sita. Notisi ya kuacha kazi yangu ya sasa sijatoa na sitatoa mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti, hata wakala aniambie nini.

Wakala B, yule wa kurusha sivii, kaniandikia leo asubuhi. Mwalimu mpendwa, tuna nafasi nzuri sana, naomba picha, video na pasipoti. Kwenye spredishiti nimemtia rangi nyekundu.